Kitenzi cha Mama Kadi

Saa tatu kasoro robo asubuhi, nakala ya kusahihisha ya kamusi ilirudi kutoka kwa mchapaji ikiwa imefungwa kwa kamba. Mama Kadi aliikata kamba kwa mkasi wa ofisi, akafungua ukurasa wa kwanza, akakuta jina lake limechorwa mstari mwekundu. Jina la Mhariri Mkuu lilibaki peke yake, limejiachia pale kama mtu aliyekalia viti viwili.

Mama Kadi alikuwa ameifanyia kazi kamusi hiyo miaka kumi na moja, na sita kati ya hiyo ilikwenda kwenye kitenzi kimoja cha Kiingereza, “strike”. Wengi hudhani maana yake ni kupiga, basi. Yeye alikitafutia maana thelathini na nne, kila moja kwenye kadi yake, ndani ya droo ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa. Kadi ya kumi na mbili ilisema: kufuta jina la mtu kwa kupitisha mstari juu yake.

“Pole, Mama,” karani alimwambia. “Si umwendee umweleze?”

“Nitamweleza. Kidogo kidogo.”

Roho ilimuuma mpaka chai ikamshinda, lakini hakugomba na mtu. Alichagua kadi moja, akaiweka chini ya kikombe cha Mkuu.

Kadi hiyo ilihusu saa za ukutani: kugonga ili kutangaza saa. Kesho yake, saa nne kamili, kifua cha Mkuu kiligonga katikati ya kikao. Kiligonga mara kumi, maana kadi ilikuwa ya Kiingereza. Dereva wa ofisi alirekebisha saa yake, wakaendelea na ajenda ya tatu.

Jumatano ilikuwa zamu ya kadi ya kukwaruza kiberiti kiwake. Mkuu alijikuna kidevu, kidevu kikawaka. Karani, aliyekuwa akihangaika na jiko la chai, aliwashia hapo hapo, akasema asante.

Alhamisi ilifika kadi ambayo Mama Kadi aliipenda sana. Chini yake alikuwa ameandika asili: mabaharia wa Uingereza, walipochoka kuonewa, waliteremsha matanga ili meli zisiondoke, na neno la kuteremsha likawa la kugoma. Mkono wa kulia wa Mkuu, ule uliochora mstari, uligoma. Ulilala juu ya meza, hautaki kalamu wala kijiko. Katibu wa chama cha wafanyakazi alikuja, akauuliza madai yake, nao ukaonyesha kwa kidole ukurasa wa kwanza. Katibu akaandika: jina lirudishwe. Alisema dai ni la haki na taratibu zote zimefuatwa.

Mkuu alijifanya hamnazo. Ijumaa alitia saini kwa mkono wa kushoto, herufi zimepinda kama za mtoto wa chekechea, na kamusi ikachapwa ikiwa na jina moja.

Kadi hazikukoma. Wiki ya sita Mkuu alikwenda mwenyewe kwenye meza ya Mama Kadi.

“Mama, mimi na wewe tumetoka mbali,” alisema. Kifua kikagonga, akasubiri kimalize. “Nimekoma. Hivi huna hata kadi moja ya upole?”

“Ilikuwepo. Ndiyo iliyokuwa maana ya kwanza kabisa, kabla neno halijajua ugomvi. Waingereza wa kale walimaanisha kupapasa. Kupitisha kiganja taratibu juu ya kitu.”

“Nipe hiyo.”

“Rudisha jina.”

“Kitabu kimeshatoka, Mama. Nitakuweka kwenye toleo la pili.”

“La kwanza lilichukua miaka kumi na moja, na mimi nina sitini. Kadi hiyo niliitoa kabla hujatia saini. Humo ndani mwa kamusi yako hakuna kupapasa.”

Mkuu alikwenda kuhesabu. Maana zilikuwa thelathini na tatu.

Tangu hapo, kila mguso humfikia Mkuu kama kofi. Mkewe humwamsha kwa kumgusa bega, na majirani husikia mlio. Kinyozi alimpaka poda shingoni akamwangusha chini. Amezoea sasa, hutembea akiambaa ukuta wa korido, na watu humpisha.

Jumatatu moja alileta orodha ya vitenzi vya kamusi mpya, akamkabidhi Mama Kadi kwa mkono wa kushoto na kumhimiza afanye haraka. Juu ya orodha jina la Mkuu lilikuwa limeshachapwa, peke yake. Shavu lake lilikuwa limevimba, lina alama za vidole vitano, vidogo.

“Mjukuu?” Mama Kadi aliuliza.

“Alikuwa ananisalimia tu.”

Mama Kadi alifurahi. Aliona haya kidogo kwa kufurahi, kisha haya ikamwisha, akavuta kadi tupu akaanza kazi.