Mkono Mwepesi wa Jelagat

Mume wangu Mukhisa anajua kugombana kuhusu gitaa kuliko anavyojua kugombana kuhusu mpaka wa shamba. Jirani akisogeza ua ndani ya mahindi yetu, atasema tutaongea. Lakini mtu athubutu kusema kwamba albamu fulani ya kantri iliharibika pale bendi ilipoingiza gitaa la umeme lenye mkwaruzo, siku hiyo hata chai hanywi. Nimeolewa naye, nimemzalia Joy, nimemzoea, na bado sielewi.

Wana kundi lao la WhatsApp, wapenzi wa kantri wa huku kwetu, kuanzia Bungoma na Webuye mpaka Kitale. Si kantri ya kofia na farasi inayopigwa kwenye baa. Hiyo wanaiona ya watoto. Yao ni ile iliyochanganywa na roki, nyimbo za watu walioshindwa na maisha, na magitaa yanayonguruma kama yana kinyongo na mtu. Kila Jumapili baada ya kanisa mmoja anatuma albamu, wengine wanaisikiliza, halafu vita vinaanza. Huyu anasema gitaa limetiwa chumvi kupita kiasi. Yule anamwambia arudi kwa nyimbo za kwaya. Jioni Mukhisa anajirekodi na kutuma sauti yake, anaeleza gitaa limekazwa vipi, kwa nini ngoma zimewekwa nyuma na mpigaji alikosea wapi. Akimaliza, kesi imekwisha. Walimpa jina la Hakimu, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko suti ya harusi yetu.

Sasa nije kwa masikio yake. Mukhisa ana kisiagi cha posho hapa Kabuchai. Tangu ujana amesimama kando ya ile injini ya dizeli, bila pamba wala nini, akisaga mahindi ya watu. Miaka ya karibuni nikaanza kuona mambo. Vifaranga vinalia miguuni pake na yeye anataka kuvikanyaga. Simu inaita mfukoni mwake, mgeni ndiye anayemwambia. Watoto wa Sande skuli wakiimba, ananiuliza kwa nini wanafungua midomo tu.

Nilimwambia wazi, "Baba Joy, masikio yako yanaisha. Twende hospitali."

Alininunia siku nzima. Yeye, Hakimu, awe kiziwi! Akaingia ndani, akaweka kaseti yake ya zamani, akaanza kunionyesha kwa kidole kila mahali gitaa linapoingia. Hakukosea hata mara moja. Nikajiambia labda ni mimi ninayemtafutia makosa. Sikujua kwamba kaseti ile alikuwa ameihifadhi yote kichwani, na kichwa chake ndicho kilichokuwa kikijaza mapengo.

Ndipo Kipngeno akamleta Jelagat.

Kipngeno ana duka la dawa za mifugo Kitale, na ni mtu wa kundi lao tangu mwanzo. Jelagat ni binti wa dada yake. Msichana huyu anapiga gitaa la kulaza, lile la kuwekwa mapajani, ambalo mpigaji anatelezesha kipande cha chuma juu ya nyaya badala ya kubonyeza kwa vidole. Mjomba mwingine, seremala, ndiye aliyemtengenezea gitaa hilo. Pamoja na binamu zake wawili walikuwa wamerekodi albamu waliyoiita *Umande wa Kapsara*, kantri yenye roki lakini ya nyumbani, kwa Kiswahili na Kikalenjin. Alikuwa ameacha kazi ya hoteli ili aimalize. Fundi wa studio alimpa nafasi moja tu ya kurekebisha kabla haijatoka, na Jelagat hakutaka kuitumia nafasi hiyo kabla Hakimu hajasikia. Alikuwa amemtumia Mukhisa nyimbo hizo kwa simu, halafu akaona ni heshima aje mwenyewe.

Walikuja Jumamosi. Niliwapikia nduma na chai. Wakaweka spika mezani, wakaanza.

Mimi si mtu wa kantri, nasema tena. Nauza vitunguu soko la Chwele, na muziki wangu ni wa kanisani. Lakini mwisho wa kila mstari, msichana yule alikuwa akiinua kile chuma taratibu sana, na sauti inapungua, inapungua, mpaka inabaki uzi mwembamba, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto. Nilisimama na birika mkononi, nikasahau kumimina.

Wimbo ukaisha. Mukhisa akakuna kidevu.

"Mziki ni nzuri," akasema. "Rakini gitaa iko wapi?"

Wageni wakatazamana. "Ni hiyo, Mzee," Jelagat akasema. "Hiyo ya mwisho wa laini."

"Wapi? Naona unaanza kitu, harafu unaachiria njiani. Unapiga kama mtu anaogopa kuamsha wenye nyumba."

"Baba Joy, si hiyo ndiyo ilikuwa inalia?" nikaingilia.

"Mama Joy, wewe na kantri ni wapi na wapi?"

Wakacheka wote, hata mimi nikacheka, maana ni kweli. Nikamimina chai.

Mukhisa akamwambia msichana atoe gitaa apige hapohapo. Jelagat akapiga, na Mukhisa akamkazia macho mkono wake. "Usiinue hiyo chuma. Finyiria! Ongeza! Na umwambie fundi aweke ile ukari ya juu, aiweke sana." Msichana akarudia, akarudia, jasho likimtoka puani, mpaka chuma kikawa kinakwaruza nyaya na mimi nikaona afadhali nitoke nje kuangalia kuku. Nikiwa nje nilimsikia mume wangu akicheka kwa furaha.

"Ehe! Sasa ndio nakusikia!"

Kipngeno aliniambia baadaye kwamba walipokuwa wakiondoka alitamani kusema kitu. "Mimi nilisikia iko tu sawa hiyo ya kwanza, mama. Sasa Hakimu akisema haiko, si nilijua ni mimi sina masikio?" Hivyo ndivyo walivyo. Watu wazima, wana maduka, wana watoto shule ya upili, na hakuna aliyeweza kusema, Hakimu, leo umekosea. Nikikumbuka napandwa na hasira mpaka leo.

Jelagat akaitumia ile nafasi yake moja kurekodi upya vile alivyoambiwa, na albamu ikatoka wakati watu wanapalilia mahindi. Kundi likawaka moto. Mmoja akaandika, "Bana, hii ni gitaa ama ni power saw?" Tonny wa Webuye akasema aliiweka kwenye gari na mbwa wa jirani wakaanza kubweka. Mtangazaji mmoja wa redio aliupiga wimbo wa kwanza, akaukata katikati na kuwaomba wasikilizaji radhi. Binamu wa Jelagat wakarudi kila mtu kwa shughuli zake, mmoja akaenda Tongaren kufanya biashara ya mahindi.

Mukhisa peke yake ndiye aliyeitetea. Alituma sauti yake Jumapili baada ya Jumapili, akiwaambia hawajui gitaa, kwamba hakujawahi kutoka gitaa safi kama hilo upande huu wa mlima. Kwa mara ya kwanza Hakimu alisema na kesi haikuisha. Walimjibu kwa vikatuni vya kucheka. Jelagat alimwandikia ujumbe wake mwenyewe pembeni: Asante sana Mzee kwa kunisimamia. Nitazidi kufanya mazoezi vile ulinifundisha. Mukhisa akanisomea kwa sauti, amejawa na fahari.

Joy alipokuja likizo hakubembeleza mtu kama nilivyofanya mimi. Alimwambia baba yake avae viatu, wakaenda mjini Bungoma kwa daktari wa masikio, nami nikawafuata. Daktari akamvalisha vile vipokea sauti vya kichwani, akambonyezea milio, na Mukhisa alitakiwa kuinua mkono kila akisikia. Milio minene aliinua. Milio myembamba alikaa tu, ametulia, akidhani mashine imezimwa. Mimi nilikuwa nje ya kile kichumba, mlango uko wazi, na daktari alipoiongeza sana niliisikia ikivuja.

"Nyimbo unazozijua, kichwa kinakusaidia," daktari akamweleza. "Ile hujawahi kusikia ndiyo itakupita."

Nilimwona mume wangu akifikiri.

Alipopata vile vidude vya kuvaa masikioni, alikuwa msumbufu kama mtoto anayeota meno. Ati nyumba ina kelele. Ati sandali zangu zinapiga filimbi. Siku mbili hivi alikaa uani akivisikiliza vifaranga. Jumapili ikafika. Hakufungua kundi. Alichukua simu akaiweka *Umande wa Kapsara*, ile iliyotoka, na kabla wimbo wa kwanza haujafika katikati alivitoa vile vidude kama mtu aliyeingiwa na siafu. Akakaa. Akavirudisha. Kisha akatafuta zile nyimbo za mwanzo alizotumiwa na Jelagat, zile ambazo hazikuguswa.

Niliisikia ile sauti nikiwa jikoni. Ilipungua, ikapungua, ikawa uzi. Ikanyamaza. Akairudisha kutoka mwanzo.

Nilimkuta analia, wala hakujificha.

"Mama Joy," akasema, "huyu mtoto arikuwa amefika. Mimi ndio nilimrudisha."

Nilikuwa nimeitunza "si nilikuambia" yangu kwa miaka, nikingoja siku kama hiyo. Niliimeza. Nilikaa kando yake na hatukupika mchana ule.

Tulienda Kitale Jumatano. Jelagat amepanga chumba kule Matisi, na mlangoni anauza maziwa na mandazi. Alitupokea kwa mikono miwili, karibu Baba, karibu Mama, akatutolea stuli, akammiminia Mukhisa chai mpaka ikafurika. Mume wangu alikuwa amepanga maneno yake njia nzima, nilimwona midomo ikitembea. Akakohoa ili aanze.

"Ngoja kwanza, Baba," Jelagat akasema. "Kabla uongee, uskie."

Akatoa gitaa chini ya kitanda.

Akapiga. Alikuwa amefanya mazoezi kweli, usiku na mchana huenda. Kidole gumba kilikuwa kimeota sugu. Chuma kilikaa juu ya nyaya kwa nguvu zote za bega lake, kila sauti imekazwa kutoka mwanzo mpaka mwisho, hakuna hata moja iliyopungua. Mama wa mlango wa pili akafunga dirisha lake. Niliona mkono wa Mukhisa ukipanda kuelekea sikioni, nikajua anataka kuvitoa vile vidude. Ukafika shavuni, ukarudi chini. Alisikiliza yote.

Jelagat akainua uso, anatabasamu. "Sasa je, Mzee? Gitaa iko wapi?" Alikuwa anamtania kwa maneno yake mwenyewe.

Nilimwombea Mukhisa adanganye. Nasema kweli. Nilitaka aseme umeweza, mwanangu, tunywe chai, turudi kwetu. Lakini aliinama, akageuza kichwa upande mmoja kisha mwingine, akamwonyesha vile vidude masikioni.

"Ile ya kwanza irikuwa nzuri," akasema. "Irikuwa nzuri sana. Mimi ndio nilikuwa sisikii. Mama Joy arikuwa ameniambia masikio yanaisha, na nikaona aibu kusema. Nisamehe, mwanangu."

Msichana aliangalia vile vidude, akaangalia gitaa. Akashika chuma, akakilaza juu ya nyaya kwa wepesi, akapiga, akaanza kukiinua taratibu kama alivyofanya mezani kwangu. Chuma kikagonga waya. Sauti ikakatika. Akajaribu tena, ikakatika palepale. Akafuta kiganja kwenye sketi, akajaribu tena.

"Mkono umezoea hii ingine," akasema.

"Itarudi," nikamwambia. Sijui nilikuwa nasema nini. Mimi nauza vitunguu.

Akaliweka gitaa kitandani. Maziwa yalikuwa yanafurika nje kwenye jiko na hakuna aliyeinuka.

"Baba, si ungeniambia tu huskii," akasema, bado anaangalia mkono wake. "Mimi ningesogea karibu na wewe."

Aliyasema kwa sauti ya chini kabisa, na Mukhisa aliyasikia yote.