Kasha la Vitabu Lililokwama Kate

Umoja wa Wakuu wa Maktaba za Ufipa una kasha moja la vitabu vipya, na kasha hilo limewagombanisha watu wazima kuliko mpaka wa shamba. Linazunguka. Kanuni yake ni kwamba wakuu wenzako watakuja kukutembelea: wakikuta wasomaji, linabaki kwako msimu mwingine, wakikuta viti vitupu, wanalipakia na kwenda nalo.

Kristiana, mkuu wa maktaba ya Kate, aliijua kanuni hiyo kama njia ya kwenda kwao. Na wasomaji alikuwa nao, tena si wa kuazima. Tangu kasha lije, wake wa wafugaji waliohamia kutoka Usukumani walikuwa wanakuja na watoto mgongoni, na mabibi wa Kifipa walikuwa wanagombea kiti cha dirishani. Likiondoka kasha, nao wataondoka. Hilo pia alilijua.

Sasa tazama alichofanya. Asubuhi ya ugeni aliwatoa wasomaji wote nje.

"Tokeni, jamani, wageni wanakuja. Watakaa wapi?"

Akapiga deki. Vitabu akavirudisha kwenye kasha visije vikadondokewa mchuzi, akalifunga. Mezani akatandika vitambaa vyake vya kufuma, vile vya harusini. Jikoni kulikuwa na kuku, na samaki, migebuka kutoka Kasanga. Yeye alipanga wageni wale chakula kwanza, kisha wasomaji warudi, ukaguzi ufanyike. Nani hukagua nyumba ya watu kabla hajanawa mikono?

Lakini mgeni mkuu alikuwa Maximilian. Mwenyekiti huyo wa umoja, kutoka Sumbawanga mjini, aliona wingu la mvua njiani, akawa na haraka. Alisimama mlangoni, akachungulia.

"Pasafi sana," alisema. "Wasomaji wako wapi?"

"Mwenyekiti, karibuni kwanza mle chakula."

"Hakuna wasomaji," Maximilian akamwambia Teodori, mkuu wa maktaba ya Chala, ambaye ndiye aliyefuata kwenye zamu ya kasha. Teodori akatikisa kichwa kwa huzuni, ile huzuni ya mtu anayeambiwa nyama yote ni yake.

Kristiana alieleza, akaeleza tena. Mwenyekiti akasema walichokiona ndicho walichokiona. Kuku waliliwa hata hivyo, tena wakaliwa vizuri. Teodori aliongeza mchuzi. Kisha kasha likabebwa hadi kwenye pikapu.

Walipomaliza kuagana wakamkuta Bibi Rosina, mmoja wa wale mabibi wa kiti cha dirishani, amekaa juu ya kasha, kanga ameikaza kiunoni.

"Shikamoo, bibi," alisema Maximilian.

"Marahaba. Haya, twende."

"Wapi?"

"Chala. Si ndiko kinakokwenda kitabu changu? Nimemwacha mtu humo ndani anakata roho, na mke mkubwa ameshaficha funguo. Huyu mwenye vitambaa akaninyang'anya. Mimi sirudi nyumbani mpaka nijue kama amekufa."

"Na utalala wapi?"

"Kwa Teodori. Eti baba, mkeo anajua kusonga ugali wa ulezi? Wa mahindi unanikwama."

Teodori akaacha kutabasamu. Nyuma ya gari, wanawake wawili wa wafugaji walikuwa wameanza kupandisha watoto. Nao vitabu vyao vilikuwa havijaisha.

Maximilian akalitazama wingu, akamtazama bibi. Kumshusha kikongwe kwa nguvu mbele ya watu wa Kate hakuthubutu. Matone ya kwanza yakagonga bodi ya gari.

"Shusheni kasha," alisema. "Litabaki mpaka walioanza vitabu wavimalize. Ndipo Teodori aje kulichukua."

"Lakini mwenyekiti..."

"Au uwachukue na wasomaji wenyewe?"

Teodori akapanda gari, akafunga mlango.

Pikapu ilipopotelea kwenye mvua, Kristiana alikunja vitambaa, akafungua kasha, akampa kila mtu kitabu chake. Halafu akawaambia neno ambalo pengine hakuna mkuu wa maktaba aliyewahi kuwaambia wasomaji wake.

"Taratibu, jamani. Msimalize."

Walimsikia. Teodori hupiga simu mara kwa mara kuulizia, na kila akipiga, Kristiana humgeukia Bibi Rosina pale dirishani.

"Bibi, Chala wanauliza. Yule mgonjwa wako vipi?"

"Waambie alishakufa," bibi alijibu juzi, bila kuinua macho. "Sasa tuko kwenye mirathi. Na unajua mambo ya mirathi yanavyochukua muda."