Pacha wa Kujaribia

Fundi rangi yule alikuwa na tabia moja iliyompa wateja na kumchosha mkewe: hafanyi kitu kizima kabla hajakijaribu pembeni. Ukimwita akupakie sebule, kwanza atatafuta mahali palipojificha, nyuma ya mlango au nyuma ya kabati, apake kipande cha ukubwa wa sahani, akiache kikauke, aje kesho akitazame kwa jicho moja. Ukuta ukiikataa rangi, anakwangua, na hakuna atakayejua. Kazi yake ilikuwa safi, hilo tumpe. Lakini jamani, mtu akizoea kufanya kazi kwa njia moja, mwisho anataka na nyumba yake iendeshwe hivyohivyo.

Sasa huyu bwana alikuwa na pacha. Na si pacha wa hivihivi. Walikuja baada ya miaka mingi ya watu kumuuliza mkewe "vipi, bado?" mpaka mama wa watu akawa anakwepa hata harusi za ndugu. Walipozaliwa, wa kiume mnene na wa kike mwembamba, baba yao alikaa kwenye korido ya hospitali akalia mbele za watu bila haya. Wa kiume akaitwa Bonge, wa kike akaitwa Kijiti, majina ya kwenye vyeti yakasahaulika. Kila asubuhi aliwatazama wamelala kitanda kimoja, mguu wa huyu juu ya tumbo la yule, akamshukuru Mungu polepole asije akawaamsha, ndipo akachukua brashi zake.

Wakafikisha miezi tisa. Chanjo ya surua ikawa imefika. Mama Pacha akasema twende. Fundi akasema ngoja.

Alikuwa na sababu zake. Chanjo iliyopita, Kijiti alipata homa, paja likavimba, akalia mpaka sauti ikakauka. Kesho yake alikuwa anacheza, lakini kile kilio hakikumtoka baba mtu masikioni. Tena kwenye simu yake kulikuwa na sauti ya mtu asiyemjua, aliyoletewa na mtu asiyemkumbuka, ikidai chanjo zinalemaza watoto. Hakuiamini. Ila hakuifuta.

Upande wa pili, nyumba aliyokuwa anaipaka wiki hiyo ilikuwa na mtoto mwenye surua. Alimwona mlangoni: macho mekundu, vipele mpaka masikioni, anakohoa mfululizo, mama yake amemshika hajui amlaze vipi. Fundi akafunika ndoo zake, akaondoka, akaoga na kufua nguo kabla hajamgusa mtu nyumbani.

Yaani maji yalimfika shingoni pande zote mbili. Basi akakata shauri, tena kwa sauti ya mtu aliyefikiria sana.

"Tuchanje mmoja kwanza. Tukiona yuko salama, na wa pili naye."

Mama Pacha alikuwa anakunja nepi. Akaacha.

"Mmoja yupi?"

"Yeyote."

"Mume wangu, mimi sina mtoto anayeitwa Yeyote."

"Si ni tahadhari tu, mama..."

"Sawa. Tahadhari ni yako, basi kachague wewe. Wabebe wote wawili, ukifika mbele ya sindano ndiyo umtoe huyo mmoja. Mimi siendi."

Hakutania. Akamfunga Bonge mgongoni mwa mumewe, Kijiti akamfunga kifuani, akakaza mafundo, akafungua mlango.

Kliniki ilikuwa imejaa akina mama. Fundi alikuwa mwanamume pekee, na rangi nyeupe bado imemganda kwenye nyusi.

"Shemeji," mmoja akamwambia, "kichwani bado kuna nafasi. Ungebeba na ndoo!"

Benchi zima likacheka. Na yeye akacheka.

Zamu yake ikafika. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, miwani imeshuka puani.

"Haya baba, tuanze na nani?"

"Mmoja tu leo. Huyu." Akamgeuza Bonge mbele. Njia nzima alikuwa amejipangia: Bonge ana nguvu, likitokea la kutokea, atahimili.

"Mwenzake anaumwa?"

"Haumwi. Yeye... tunataka tuone kwanza."

Muuguzi hakukasirika. "Wanalala pamoja?"

"Kitanda kimoja."

"Kwa hiyo surua ikiingia kwenu kesho, huyu mwembamba ndiye tutakayekuwa tumemwacha bila kinga."

Fundi akamwona tena yule mtoto wa mlangoni, ila safari hii ana uso wa Kijiti.

"Basi huyu," akasema, akamrudisha Bonge. Akamtoa Kijiti. Kijiti, aliyelia mpaka sauti ikakauka! Mikono ikagoma kumwachia. "Hapana, ngoja. Huyu." Bonge akarudi mbele. "Au..."

Huko nyuma akina mama walianza kuvunjika mbavu. Kisha wakauona uso wake, wakaacha kucheka.

"Dada yangu, nisaidie," akasema. "Nimchague nani?"

"Hapo siwezi kukusaidia, kaka," muuguzi akamjibu kwa upole. "Ninachoweza ni kukwambia ukweli. Siwezi kukuahidi kwamba homa haitakuja. Inaweza kuja baada ya wiki hivi, mara nyingi ni ndogo na inapita. Ikizidi, walete saa yoyote, usione haya. Surua ndiyo siwezi kuisemea hivyo. Kaa hapo pembeni, ukiwa tayari niite."

Akakaa. Bonge goti hili, Kijiti goti lile. Bonge akamvuta dada yake sikio, dada mtu akacheka kwa ufizi wake wenye meno mawili. Fundi akawatazama, na hapo ndipo akaelewa alichokuwa anakifanya. Alikuwa anatafuta mtoto wa nyuma ya mlango. Yule ambaye akiharibika utakwangua, na hakuna atakayejua. Watoto aliowaomba miaka yote ile kwa magoti na machozi, leo amekaa kwenye benchi anamtafuta wa kujaribia! Akamtazama huyu, akamtazama yule. Hakumpata. Akaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Dada!" akaita. "Wote. Wachome wote, kabla sijageuka tena."

Bonge alipiga ukelele wa kubomoa nyumba. Kijiti alilia kidogo tu, akakasirika, akanuna. Baba yao ndiye aliyelia kuliko wote, na yule mama wa utani wa ndoo akamfuta uso kwa kitambaa cha mwanawe, akimwambia pole shemeji, hongera shemeji. Fundi akaushika mkono wa muuguzi kwa mikono yake yote miwili, asante, asante sana, Mungu akuweke, mpaka muuguzi akamwambia, "Nimepokea, kaka. Sasa nirudishie mkono, foleni ndefu."

Alipotoka nje ya geti akamkuta mkewe.

Alikuwa ameegemea ukuta, kandambili moja yake, nyingine ya mumewe. Alikuwa amewafuata kwa mbali tangu nyumbani, na geti likamshinda kuingia. Hakusalimia. Akamtazama mtoto wa mbele, akamtazama wa nyuma.

"Yupi?" akauliza.

"Wote."

Mama Pacha akateleza na ukuta mpaka chini, akakaa kwenye vumbi.

"Nilikuwa nasema moyoni," akasema, "akitoka amemchanja mmoja, nitajua ni yupi anayempenda kidogo. Na nitaishi nalo mpaka nife."

"Nimemtafuta, mke wangu," fundi akasema. "Hayupo."

Akakaa naye pale chini, mizigo yake mbele na nyuma. Akamshukuru kwa kumkatalia, maneno yakamkwama, akaanza upya, yakamkwama tena. Mkewe akamwambia nyamaza, nimekuelewa, akamfungua Kijiti, akambusu paji la uso, akamvuta na Bonge. Watu wakawa wanawazunguka kupita, wakishangaa familia nzima inalia getini, na kati yao hakukuwa na mwenye huzuni hata mmoja, isipokuwa Bonge, ambaye bado paja lilimuuma.