Mwanamke wa Gongo kwenye Ramani

Nianze na kosa langu, maana kila nikianzia kwingine naishia hapo hapo. Ni mimi niliyetoa wazo la kuusafisha mji siku ya wageni.

Mimi ni mchora ramani wa halmashauri. Mji wetu ni barabara kuu moja, na nyumba zilizojipanga pande zake mbili, kuanzia kinu cha kusaga nafaka mpaka zahanati. Malori yanapita katikati kana kwamba hapa haishi mtu. Anayetembea anatembea kwenye bega la barabara, kipande cha changarawe kisichofika mita moja, honi ikimpigia kisogoni. Miaka mitatu nilichora njia ya waenda kwa miguu: upana mita mbili, ukingo wa saruji wa kuzuia magurudumu, vivuko vitatu vyenye matuta. Nilichora kwa wino kwenye ile karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, kwa sababu kompyuta ya ofisi ni ya kuchapia barua tu, na hata barua inachapa ikijisikia.

Watu walidhani nauchorea mji. Nilikuwa namchorea dada yangu.

Dada ndiye aliyenilea mama alipofariki. Ni fundi cherehani. Nyumba yetu iko upande wa kinu, kibanda chake kiko upande wa zahanati. Lori lilimgonga akienda kazini, likamwachia goti lisilokunjika na gongo la mbao, na bado kila asubuhi alipita pale pale alipogongwa. Nikimwambia ahamishie cherehani nyumbani, alinikata kauli.

"Wateja wangu wako kule. We chora, mimi nitembee."

Kwenye ramani, ukionyesha barabara kama iliyokatwa ubavuni, unaweka na kimtu kidogo ili anayesoma aelewe vipimo. Wenzangu huchora mwanamume mwenye kofia. Mimi nilichora mwanamke mwenye gongo, amesimama katikati ya mita zake mbili, ana nafasi kushoto na kulia. Dada alipojiona alicheka mpaka akashika meza.

"Mbona umeninenepesha hivi? Hiyo njia itanitosha kweli?"

Kisha ikaja barua: wahandisi wa barabara kuu watafika Jumanne kukagua. Mkuu wa idara, tuliyembatiza Nyoosha kwa kuwa hana neno jingine, akaniita tupange mapokezi. Mgeni akija kwako unafagia, unaficha ndoo, watoto unawatuma kwa jirani. Tumelelewa hivyo, na mimi nikafikiri hivyo hivyo.

"Mkuu," nikasema, "wakikuta watu wamejazana barabarani watapimaje? Tuwaombe wananchi siku hiyo wapite njia ya nyuma, kule kwenye mfereji."

Nyoosha akapiga meza. "Ndiyo maana nakupenda, bwana. Nyoosha!"

Jumatatu gari la kipaza sauti lilizunguka likitangaza. Jumanne wauza matunda hawakutandika, mafundi baiskeli walifunga, watoto wa shule wakapitishwa nyuma na mwalimu wao. Barabara ilikuwa nyeupe. Dada nilimwambia apumzike nyumbani, maana mfereji na gongo haviendani. Nikavaa shati langu la sikukuu, nikafunga vifungo mpaka kooni.

Wahandisi wawili walipima kwa utepe. Wa tatu, mama wa makamo mwenye kofia pana, alikunjua kiti chake mbele ya posta akakaa, mkononi ana kidude cha chuma. Sikumjali. Ilipogonga saa tatu na nusu nikampelekea chai, nikamwuliza anapima nini.

"Mimi sipimi," alisema. "Nahesabu wanaopita kwa miguu. Mwisho saa sita. Pasipopita mia mbili kwa saa, hiyo njia yenu haijengwi."

Nikachungulia kidude. Kilikuwa kimefika nne.

Nikamweleza kwamba leo si siku ya kawaida, watu wapo, wamepita nyuma. Alinitazama kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza.

"Kila mji naambiwa hivyo, mwanangu. Mimi naandika ninachokiona."

Nikatoka mbio, shati la sikukuu na yote. Kwenye mfereji mji mzima ulikuwa umepanga foleni, wanashikana mikono kuvuka matope. Nikapaza sauti warudi barabarani haraka, wapite wote. Wakanitazama kama nimepandwa na wazimu.

"Jana mmetufukuza, leo mnatuita?" akasema muuza matunda mmoja, karai kichwani. "Tukikamatwa je?"

"Hakuna wa kuwakamata, mama. Nawaomba."

"Utuombe kwa kipaza sauti, kama jana." Wakacheka, wakaendelea na safari yao. Nikamtafuta dereva wa gari lile. Alikuwa amewapeleka wahandisi kinuni. Nikarudi barabarani peke yangu, natembea huku na huko, mpaka yule mama mwenye kofia akanipungia mkono kwamba ameshaniona.

Hapo ndipo nilipolisikia lile gongo. Dada alikuwa anakuja kutoka upande wa kinu, jasho linamtoka, kanga imekazwa kiunoni. Jirani alikuwa amemwambia kinachoendelea. Nikamsogelea nimshike, akanipita.

"Usinisemeshe. Nahesabiwa."

Akaenda mpaka mwisho wa posta, akageuka, akarudi. Akageuka tena. Alipita mara sita kabla ya saa sita kugonga, goti lile lisilokunjika likichora mstari kwenye changarawe. Nilikaa chini kando ya barabara nikalia bila kujificha.

Miezi minne baadaye taarifa ikaja. Nilisoma mstari wa watembeaji nimesimama. *Jumla ishirini na watatu. Mmoja mwenye gongo alionekana akirudiarudia. Amehesabiwa mara moja.* Chini yake uamuzi: kwa kuwa waenda kwa miguu ni wachache, mabega ya barabara yatawekwa lami ili barabara ipanuliwe kwa ajili ya magari. Halmashauri irekebishe ramani yake.

Nilimwendea Nyoosha. Nilimwambia tuandike, tukiri kosa, tuombe hesabu irudiwe.

"Hesabu inarudiwa baada ya miaka saba," alisema. Hakuwa na furaha hata yeye. "Na tuandike nini? Kwamba watu wetu tuliwaficha wenyewe? Mimi na wewe tutakula wapi? Nyoosha ramani, kijana."

Wino kwenye karatasi ile haufutiki kwa mpira. Unaukwangua na wembe, polepole, la sivyo karatasi inatoboka. Nilikwangua siku mbili. Vivuko vikaenda, ukingo ukaenda. Yule mwanamke nilimwacha wa mwisho. Nilianza na gongo.

Dada nilimwambia uamuzi, sikumwambia wazo lilikuwa la nani. Aliendelea kutunga uzi kwenye sindano.

"Na lile gari la kipaza sauti," aliuliza, "nani alilituma?"

"Ofisi."

"Ofisi," akasema, na uzi ukaingia kwenye tundu. Hakuniuliza tena. Mpaka leo sijui kama alijua, na sina wa kumwuliza.

Lami mpya ilipokauka, malori yalipita kwa kasi ambayo hatukuwahi kuiona. Palipokuwa na changarawe pakawa na mstari mweupe, na baada ya mstari ukuta wa nyumba za watu. Kila asubuhi nilimsindikiza Dada, mimi upande wa magari, yeye upande wa ukuta. Alinitania kwamba nimekuwa mume wake. Nilichelewa kazini kila siku, na Nyoosha, kwa aibu yake, hakuwahi kunigombeza.

Alhamisi moja kulikuwa na kikao cha asubuhi. "Nenda bwana," Dada alisema, "mimi si mtoto." Nikaenda. Kilikuwa kikao cha kupanga mapokezi ya wageni wengine.

Kilimpiga kioo cha pembeni cha lori. Dereva hata breki hakushika. Alisimamishwa kilomita nane mbele na akashangaa kwa dhati.

Siku ya tatu baada ya mazishi, askari wa usalama barabarani alikuja ofisini na fomu yake. Ni mtu mstaarabu, alivua kofia, akanipa pole. Akaniomba ramani ya barabara, nikaitandaza mezani. Alipitisha kidole kutoka kinuni mpaka posta.

"Hapa mtu wa miguu anapita wapi?"

"Hapiti," nikasema.

Akaandika, akitamka taratibu neno kwa neno: marehemu alikuwa akitembea mahali pasipo na njia ya waenda kwa miguu. Kisha akainamia karatasi, akauona mkwaruzo wa wembe, akausugua kwa kidole gumba.

"Hapa kulikuwa na nini?"

Nikaanza kuikunja ramani. Akageuza fomu upande wangu.

"Basi, nani aliyechora hii?"

"Mimi."

"Weka sahihi hapa."

Nikaweka.