Kibao cha Makocha

Nilikosea herufi moja kwenye kibao cha karakana yangu, na rangi ilikuwa imeshakauka. Nilipaswa kuandika TUNAKARABATI MAKOCHI. Nikaandika TUNAKARABATI MAKOCHA.

Nilikotoka tunasema sofa. Neno kochi nililikuta huku, wingi wake nikaubahatisha.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye aliyekiona kwanza. Yeye kazaliwa mtaa huu, na ameajiriwa kiwanda cha fanicha tangu ana ndevu tatu. Alishika kiuno, akasoma kwa sauti.

"Shemeji, timu yetu imefungwa mechi sita. Nikuletee kocha umpige msasa?"

"Cheka, ukimaliza niambie."

"Nimemaliza. Sasa sikiliza. Kiwandani wanatafuta mlinzi, nimekusemea. Wanataka jibu Ijumaa."

Karakana ilikuwa na wiki tano na mteja mmoja, mama mkwe. Watu husema sisi wageni tuna moyo wa kujiajiri. Moyo gani? Nilibisha hodi viwanda vinne, hicho cha shemeji kikiwemo, kote wakaniuliza cheti. Wangenipa nyundo, leo nami ningekuwa namsengenya bosi, kama shemeji.

Nilitaka kukifuta kibao. Mke wangu akanizuia. "Kiache. Angalau sasa watu wanasimama."

Kweli walisimama. Walipiga picha, wakatumiana.

Jumatano akaja kocha mwenyewe wa ile timu. Nyuma yake mkokoteni, juu ya mkokoteni kochi, springi zinachungulia nje.

"Nimeambiwa hapa ndipo ninapotengenezwa," alisema, uso mkavu. "Anza na hili."

Nilivua kitambaa, nikakaza mikanda, nikabadilisha springi na sponji. Ijumaa asubuhi alilikalia, akafumba macho, nikadhani kasinzia.

"Klabuni yapo mengine manane," alisema.

Jioni shemeji akaja kuchukua jibu.

"Nimwambie nini bosi?"

"Mwambie nina makocha wanane wanasubiri."

Alicheka. Kisha akakaa kwenye kreti, akauliza polepole kama Jumamosi nitahitaji mtu.

"Lakini kazi yangu siachi," akasema.

"Nani kakwambia uache? Njoo na nyundo yako."

Kibao sijakisahihisha. Kimenigharimu herufi moja, robo kopo la rangi nyekundu, jina langu, maana sasa hata wanangu wananiita Daktari wa Makocha, na sare ya ulinzi ambayo, nasema kweli, ingenikaa vizuri.