Kamba Iliyoitwa Mzururaji

Mize alikuwa amefika katikati ya ukuta. Kitambaa kilicholowa shahamu kilikuwa mkononi, naye alikuwa akiipaka kamba kwa kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama kila nyumba ya Kitovuni ilivyoamriwa kuipaka ili isikauke. Mumewe Shekue alikaa sakafuni akiwa ameegemea kamba hiyohiyo, macho wazi, viganja juu ya mapaja. Mize alipomfikia ilimbidi amsogeze kidogo, kama mtu anavyosogeza mtungi apate kufagia, akapaka nyuma yake, kisha akamrudisha palepale. Shekue hakulalamika. Hakupepesa hata jicho. Hivyo ndivyo alivyokuwa tangu Siku ya Moshi, na Mkazaji wa kamba alikuwa anatarajiwa mtaani kabla ya mavuno.

Rindima, nchi yao, ilikuwa ndefu na nyembamba, kama mtu aliyesimama. Juu kabisa, kwenye kilima cha Utosini, waliishi Walinzi katika majumba ya mawe meupe yenye madirisha madogo kama macho ya mtu anayeshuku. Chini yake njia ilibanwa na magenge ya Kooni, ambako watu wawili hawakuweza kupishana bila mmoja kubana pumzi. Chini zaidi likafunguka bonde la Kitovuni, lenye udongo mweusi, mashamba na meko, kwa maana chochote kilicholiwa Rindima kilivunwa na kusagwa huko. Toka Utosini hadi nyumba ya mwisho ya Kitovuni ilipita kamba moja iliyosukwa kwa mishipa ya ng'ombe, ikiingia ukuta huu na kutokea ule, ikipinda, ikizunguka, ikishuka, bila kuruka nyumba hata moja. Kwa tabia hiyo ya kuingia kwa kila mtu bila kupiga hodi waliiita Mzururaji. Wasukaji wa kale hawakuacha maelezo, ila yeyote ambaye angeifumua angeona kwamba nyuzi za kupandisha habari zilikuwa nyingi, tena nyingi sana, kuliko nyuzi za kushusha amri. Siku hizi hakuna aliyeruhusiwa kuifumua.

Zamani, hatari ilipokuja, Utosini waliivuta kamba kwa ghafla, na watu wakakimbia au wakashika mikuki. Hatari ilipopita waliivuta tena, safari hii polepole, mvuto mrefu wenye mvumo mzito, nao uliitwa shwari. Shwari ilipita nyumba kwa nyumba ikiwaambia watu kwamba yamekwisha, wateremshe mabega, wawashe moto, wanyonyeshe. Kisha ikaja Siku ya Moshi. Wavamizi walipita Kitovuni kwa mchana mmoja, wakachoma, wakaua, wakaenda zao, wala hawakurudi tena. Lakini shwari haikuvutwa. Mlinzi Mkuu, aliyeitwa Hamaki, aligundua katika wiki zile za kwanza jambo ambalo pengine hakulitafuta: kwamba watu wanaongoja hatari hawali sana, hawaulizi sana, na hukubali chakula chao kitunzwe na mwingine. Basi kila mavuno yalipoiva, kamba ilishtuka, watu wakajitupa mitaroni, na walipoinua vichwa mikokoteni ya Utosini ilikuwa imekwisha kupita na kuondoka na nafaka, kwa usalama wao. Huenda mwanzoni Hamaki mwenyewe aliogopa kweli. Hilo haliwezi kujulikana sasa.

Kilichojulikana ni hali ya watu. Mioyo yao ilikwenda mbio hata wakiwa wamelala. Matumbo yaligeuka mawe. Maziwa ya akina mama yalikata. Masikio yao yalinasa mlango uliofungwa mtaa wa pili, ila sauti ya mtu aliyewasemesha kwa upole iliwapita kama upepo, na nyuso zikasahau kucheka kwa kuwa zilikuwa na kazi ya kutazama. Hao ndio walioitwa wazima. Wachache, kama Shekue, walikuwa wamekwenda mahali pengine. Siku ile yeye alilala chini ya mlango uliovunjika, nduguze wakiwa wamekufa juu yake, akajifanya maiti hadi wavamizi walipoondoka. Na mwili wake, uliookoka kwa kunyamaza, ulikuwa bado haujaambiwa na mtu kwamba unaweza kuacha.

Kwa watu wa namna hiyo palikuwa na amri. Mkazaji alipopita kukaza kamba, aliivuta kwa ghafla katika kila nyumba na kuwatazama waliomo. Asiyeshtuka alichukuliwa kwenda Nyumba ya Nyuma, upande wa kilima usioonekana toka bondeni, kwa sababu, walisema Walinzi, mmoja asiyeshtuka huwalegeza wengine wote. Binti wa Bi Nyange, jirani yake Mize, alipelekwa huko na shuka yake tu. Hakuna aliyewahi kurudi.

Basi haja ya Mize ilikuwa moja: mumewe ashtuke. Alikuwa amejaribu njia zote za mtu mwenye haraka. Alimgongea sufuria sikioni. Alimmwagia maji ya baridi. Mara moja alimzaba kofi, akalia yeye. Kila alipofanya hivyo Shekue alizidi kuzama, na pumzi yake ikawa ndogo hata ilimbidi amwekee kiganja puani kuhakikisha kwamba ipo.

Asubuhi hiyo hakuwa akijaribu chochote. Alikuwa amechoka. Alipaka shahamu, na katika kuchoka huko akaegemeza kifua kwenye kamba na kuvuma. Haukuwa wimbo, maana nyimbo zilikatazwa. Ilikuwa ni ile "mmm" ya mtu anayetoa pumzi taratibu na mdomo kaufunga. Kamba, ambayo mwaka ule ilikazwa kuliko miaka yote ili mshtuko wa Utosini ufike nyumba ya mwisho bila kupungua, iliuchukua mvumo huo na kuupeleka mgongoni mwa Shekue. Kidole chake kidogo kikasogea.

Mize aliacha. Akangoja. Akavuma tena mpaka pumzi ikamwishia, na pale ilipoishia kidole kikasogea tena.

"Mize! We Mize!" Bi Nyange aliingia ameshika taya. "Unaifanya nini kamba?"

"Naipaka, Bi Nyange."

"Kupaka gani huko? Nimekaa kwangu napiga miayo mpaka taya linataka kung'oka. Halafu tumbo, mwanangu! Tumbo limenguruma kama fisi, na mkwe wangu kakaa pale, kanikodolea macho."

"Pole, mama."

"Pole ya nini? Tangu Siku ya Moshi tumbo hili halijaniambia neno." Akavuta kigoda, akakaa. "Hebu fanya tena."

Tangu hapo Mize alifanya kila siku, na hakufanya vizuri kila siku. Alipoona vidole vinasogea alidhani kwamba kingi ni bora kuliko kidogo, akavuma mchana kutwa, na Shekue akaanza kutetemeka, meno yakigongana, macho yakitafuta mlango. Mize aliogopa, akamkumbatia kwa nguvu ili atulie. Alitulia kweli: alirudi kule alikokuwa, na siku nyingi zikapita kabla kidole hakijasogea tena. Hapo Mize akajua kwamba alimkumbatia kama ule mlango na wale ndugu walivyomkandamiza. Akaanza upya, kidogo, kisha anaacha. Kidogo, kisha anakaa mbali anapoonekana, mikono yake wazi, akiuachia mwili ule nafasi ya kwenda na kurudi. Kwa upande wa pili wa ukuta Bi Nyange alivuma naye, kwa sauti mbaya kama ya jiwe la kusagia. Jirani wa tatu hakuambiwa, ila aliegemea ukuta akasikia kifua chake kinafunguka, akajibu. Hapakuwa na mkutano wala kiapo. Nyumba zilipokezana tu, na mtoto mmoja wa mtaa wa chini akapata maziwa.

Mkazaji alifika siku ya jua kali, mahindi yakiwa yamekauka mashambani. Jina lake Dondo, mtu wa mabega mapana na kope moja isiyotulia, na nyuma yake walisimama wachukuzi wawili na machela. Alijulikana kwa mzaha, na mzaha wake wenyewe haukumdhuru mtu. Kilichodhuru ni kile kilichofuata.

"Hodi hapa. Mgonjwa vipi?"

"Hajambo," alisema Mize.

"Kila nyumba hajambo. Nchi ya ajabu hii, hakuna mgonjwa hata mmoja na machela yangu haikauki." Akainama mbele ya Shekue. "Haya, shemeji. Nirukie kidogo tu, tuagane kwa heri."

Akaishika kamba kwa mikono miwili, akaivuta kwa ghafla. Bi Nyange, aliyesimama mlangoni, akaruka. Mize akaruka. Wachukuzi wenyewe wakaruka, japo waliuona mkono wake ukijiandaa. Shekue hakuruka.

Dondo akapumua. Akawageukia wachukuzi na kuwaonyesha kwa kidevu, nao wakaiweka machela chini. Mize alitaka kupiga kelele. Alitaka kumvuta mumewe, kumtikisa, kumzaba. Badala yake akaegemeza kifua kwenye kamba na kuvuma, kwa sababu hakuwa na kitu kingine.

Shekue akainua uso. Akamtazama Dondo, akamtazama mkewe, na sauti iliyokauka kama ganda ikamtoka.

"Wameondoka?"

"Wameondoka," alisema Mize.

"Wote?"

"Wote, Shekue. Zamani."

Mabega ya Shekue yakaanza kutetemeka, kisha mgongo, kisha miguu, kama mnyama aliyenusurika anavyojikung'uta. Safari hii Mize hakumshika. Kutetemeka kule kukaingia kwenye kamba, kukapita ukutani, na kwa Bi Nyange, na kwa jirani wa tatu, na katika nyumba zote ambazo zilikuwa zimekwisha kufunguka kidogo bila kuambiwa ni kwa ajili ya nini, kila mtu akaachia kile alichokishikilia. Bonde zima lilitetemeka na kulia bila makelele. Dondo, ambaye alikuwa bado ameishika kamba, alihisi kitu kikipita ndani ya viganja vyake, na kope yake ikasimama, maana kitu hicho hakikuwa kinashuka.

"Amri inasema asiyeshtuka," alisema taratibu. "Huyu anatetemeka. Kutetemeka ni kushtuka?"

"Wewe ndiye mwenye amri, unatuuliza sisi?" alisema Bi Nyange, machozi yakimtiririka.

Dondo akawaambia wachukuzi waiinue machela. "Nakwenda kuuliza juu," alisema, wakaondoka nayo tupu.

Alirudi jua likianza kupungua ukali, peke yake, bila koleo lake la kukazia. Mize alikuwa na bakuli la uji, anamlisha Shekue kijiko kidogo, anangoja, anatazama koo. Shekue alikuwa amefunikwa blanketi, bado akitetemeka kwa vipindi.

"Bi Mize," alisema Dondo, na hakuwahi kumwita hivyo. "Mlinzi Mkuu hashtuki."

Akaendelea kana kwamba ameulizwa. Hamaki alipenda kusema kwamba nchi nzima imo mkononi mwake, na kwa hiyo aliizungusha ncha ya kamba kwenye kifundo cha mkono wake akiwa kitini. Alikuwa karibu kuivuta kwa ajili ya mavuno, na mikokoteni ilikuwa imefungwa tayari. Ndipo vitu vikaanza kupanda. Vilipita Kooni vyote kwa pamoja, vilio vya Siku ya Moshi, milango, ndugu, maziwa yaliyokata, njaa ya kila mwaka, na kamba ilikuwa imekazwa vizuri mno hata haikupunguza kitu. Alijaribu kuifungua mkononi. Kisha akaacha kujaribu.

"Anakaa tu. Macho wazi. Tumempigia matarumbeta, tumemmwagia maji. Hatujamzaba, nani angethubutu."

"Mpelekeni Nyumba ya Nyuma," alisema Bi Nyange.

"Walinzi wengine wanasema hivyohivyo. Wanakigombea kiti na mwenyewe yumo. Na wote wanasema kwamba asiporudi hali yake upesi, kamba ikatwe, ili kisipande tena kitu."

"Na akirudi?" aliuliza Mize.

Dondo alitazama sakafu. "Akirudi ataivuta. Au hataivuta. Mimi nijuaje."

"Wewe umeingia Nyumba ya Nyuma," alisema Bi Nyange. "Binti yangu yumo?"

"Mimi hufika mlangoni tu, mama. Hufika mlangoni, nageuka."

Bi Nyange akageuza uso. Mize alichota kijiko kingine. Shekue alikipokea, akakiweka kinywani, na koo lake likapanda, likasita, likashuka. Lilikuwa funda la kwanza alilolimeza mwenyewe bila kukandwa shingo.

"Twende ukamvumie, Bi Mize. Kuna punda anangoja nje."

"Kesho," alisema Mize. "Leo huyu amemeza. Nikiinuka sasa atazama, na bakuli bado."

"Na kesho utapanda?"

Mize aliegemeza kifua kwenye kamba karibu na bega la mumewe. Kwa mbali nyumba za chini zilikuwa zinavuma, na Dondo akakaa kizingitini bila kukaribishwa, akingoja jibu. Mize alikuwa katikati ya pumzi, na ilikuwa pumzi ndefu.