Salamu za Mama na Paithon Tatu

7.
Naanzia saba kwa sababu moja hadi sita nilikuwa natukana.

8.
Mimi Hidaya, fundi wa kompyuta wa Redio Kichangani. Salamu za wasikilizaji huja kwa meseji, programu yangu huzipanga, mtangazaji Sekimweri huzisoma saa kumi jioni. Leo programu imegoma! Inaendeshwa na lugha ya kompyuta iitwayo Paithon, na kwenye mashine hii inayotumia mfumo wa Linux, Paithon ziko tatu: moja imekuja na mashine, moja aliiweka fundi aliyenitangulia, moja niliiweka mimi kwa haraka zangu. Wapishi watatu, jiko moja.

TANGAZO LA OFISI
Kipindi cha Salamu hakitaahirishwa. Fundi azingatie muda.
Meneja

9.
Mama, kwenye simu, saa saba mchana:

— Nimemtumia dada yangu Mwantumu salamu. Kila Jumamosi anasikiliza.

— Mama, miaka sita hamsemezani. Si umpigie tu?

— Nimpigie nani! Redioni. Na isiposomwa leo, basi tena.

— Umeandika nini?

— Utasikia na wenzio.

Kakata.

10.
Nikaamua: naondoa Paithon zote, naanza upya. Nikaandika amri.

VITU 412 VITAONDOLEWA. UENDELEE? (N/H)

Kidole changu juu ya N. Sekimweri yuko begani kwangu, anatafuna muhogo.

— Dada Hidaya, mbona kwenye orodha kuna sauti?

— Sauti gani?

— Sauti. Na kioo. Na mtandao.

H.

H H H H

Msomaji, usinicheke. Ile iliyokuja na mashine ndiyo inayoishikilia mashine yenyewe. Nusura niipe redio ububu.

11.
meseji zote: nimezinakili kwenye flashi
maktaba, yaani vipande vya kazi ambavyo programu huviazima: nimeandika majina pembeni
Paithon ya fundi wa zamani: kwaheri, mwenzetu
Paithon yangu ya haraka: kwaheri, aibu yangu
mabaki yao: nimefagia hadi uvunguni
Paithon ya mashine: shikamoo, bibi, kaa hapo hapo

Kisha nikaweka mpya, moja tu. Programu nikaipa chumba chake, na maktaba zake humo humo, isigombane na mtu.

Saa kumi kasoro dakika nne.

Washa.

.

.

SALAMU 318 ZIMEPANGWA.

Nilipiga vigelegele mpaka Meneja akatoka ofisini na kiatu kimoja.

12.
Hewani, sauti ya Sekimweri:

— Bi Siwema anamsalimu dada yake Mwantumu. Anasema: "Sufuria lako ninalo mimi. Nilikataa, nikakuita mwongo. Nisamehe. Njoo tupike."

Sufuria! Miaka sita! Nikacheka huku machozi yananitoka, nilifurahi kupita kiasi.

13.
Simu ya studio inaita. Sekimweri ananisukumia.

— Haloo?

— Hidaya mwanangu, ni mama yako mkubwa. Nimeshavaa. Mwulize mama yako, tunapika wali au ugali?